Kuvua juu ya barafu: mwongozo kamili wa kuamua, kwa mtu wa Mombasa anayehamia nchi za baridi

Mtu anaondoka Mombasa kwenda Minnesota (Marekani), Alberta (Kanada) au Finland, kwa masomo au kwa kazi. Ikifika Januari wenzake wanamwalika ziwani kuvua kwenye tundu la barafu. Hapo huwa kuna njia mbili za kukosea. Wa kwanza anakimbilia dukani, ananunua hema, kekee ya umeme ya kutobolea barafu na mtambo wa kuonyesha samaki, anaenda mara moja, anarudi vidole vimekufa ganzi, na vitu vyote vinaishia stoo. Wa pili anakataa katakata kwa kuwa "barafu si mahali pa mtu wa Pwani", ilhali ameshika mshipi tangu utotoni, na uvuvi huu kwa kiasi kikubwa ni mshipi ule ule.

Wote wawili wameamua kabla ya kupima chochote. Mwongozo huu unapanga vipimo kuanzia vya bure hadi vya kugharimu. Vitatu vya mwanzo utavifanya ukiwa bado Mombasa. Ukifeli kimoja, simama hapo hapo: umeokoa pesa.

## Vitu utakavyohitaji

Ukiwa Mombasa:

- ndoo moja, maji, na barafu ya kuijaza nusu (mifuko ya barafu ya friza inatosha)
- mshipi mwembamba wa nailoni, mita 50 hivi, na ndoana ndogo kumi
- chubwi chache za risasi
- saa, au simu ya kuhesabia dakika

Ukishafika ng'ambo, hivi vinne viwe vyako mwenyewe hata kama vingine vyote ni vya kuazima:

- misumari ya kujiokolea: vishikio viwili vyenye ncha za chuma, vilivyofungwa kwa kamba na kuvaliwa shingoni
- jaketi la kuelea
- filimbi
- meno ya chuma ya kuvalisha chini ya buti ili usiteleze

Vya kuazima kwa mwenyeji wako: kekee ya barafu, mtaimbo, fimbo fupi ya sentimita 60 hadi 75, ndoo ya kukalia, na kijiko cha matundu cha kuopolea vipande vya barafu tunduni. Hicho cha mwisho ni kile kile cha kuopolea mahamri kwenye mafuta. Beba cha nyumbani ukitaka.

Usinunue hema, jiko la gesi, mtambo wa samaki wala kekee ya injini kabla ya Hatua ya 9.

## Hatua ya 1: Anza na afya, si na vifaa

Watu wengi hukiruka kipimo hiki, na ndicho peke yake ambacho jibu lake la "hapana" halina mjadala.

Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao Pwani yetu una familia nyingi, aachane na jambo hili. Baridi hubana mishipa ya damu na inaweza kuamsha maumivu makali, huku hospitali iko mbali na ziwa. Mwenye pumu azungumze na daktari kwanza, maana hewa kavu ya baridi hubana kifua. Mwenye matatizo ya moyo au presha isiyotulia naye vivyo hivyo: baridi hupandisha presha, na kutoboa barafu kwa mkono ni kazi nzito. Kama vidole vyako hugeuka vyeupe na kufa ganzi hata kwenye chumba chenye kiyoyozi, mwambie daktari hilo pia.

Umefaulu ikiwa: huna lolote kati ya haya, au daktari anayejua hali yako amekuruhusu.

## Hatua ya 2: Ndoo ya barafu na fundo moja

Usiku wa Julai Mombasa hushuka hadi nyuzi 20 hivi na watu wanatafuta sweta. Huko unakokwenda, siku ya kawaida ya kuvua ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Mwili utazoea kidogo baada ya wiki kadhaa. Kinachowashinda wageni ni vidole: vikishapoa haviwezi kufunga ndoana, na asiyeweza kufunga ndoana amekuja kukaa tu.

1. Jaza ndoo maji nusu, tia barafu hadi ijae, ngoja dakika kumi.
2. Andaa ndoana na mshipi mwembamba mezani.
3. Tumbukiza mkono mmoja hadi kwenye kifundo kwa dakika moja. Ukiuma sana, toa. Usizidishe dakika mbili.
4. Toa, futa, na ufunge ndoana papo hapo: pitisha uzi tunduni, uzungushe mara tano kwenye mshipi wake, rudisha ncha kwenye kitanzi cha kwanza kilicho karibu na ndoana, lowesha kwa mate, kaza.
5. Pumzika robo saa, rudia kwa mikono yote miwili.

Sababu ya kulowesha fundo: uzi mkavu ukikazwa hujikwaruza na kupata joto, ukadhoofika pale pale penye fundo. Mshipi wa perchi, samaki mdogo wa maziwa ya baridi, ni wa kubeba kilo moja au mbili tu, kwa hiyo hauna nguvu ya ziada ya kupoteza.

Kinachoharibika: wengi huvuta kwa meno vidole vikigoma. Nyumbani inafaa. Kwenye baridi kali, chuma cha ndoana kinaweza kunata kwenye mdomo uliolowa.

Umefaulu ikiwa: mikono ikiwa baridi umefunga fundo lisilofunguka ndani ya dakika tatu, na hukukasirika. Hasira ni sehemu ya kipimo.

## Hatua ya 3: Saa mbili Tudor, bila simu

Tafuta mwenye ngarawa au mahali pa wazi kando ya hori la Tudor au upande wa Mtongwe, na uende siku ya maji mafu. Bamvua haifai kwa kipimo hiki kwa kuwa mkondo huvuta chubwi na kukusumbua. Unataka maji yaliyotulia, kama yalivyo chini ya barafu.

Kalia ndoo iliyopinduliwa. Teremsha mshipi hadi chubwi iguse chini, inua sentimita 30. Sasa chezesha: inua mkono kiasi cha shubiri moja au zaidi kidogo, shusha pole, tulia sekunde tano hadi kumi, rudia. Saa mbili. Simu mfukoni, bila mazungumzo marefu.

Huu ndio uvuvi wa barafuni wenyewe, ukiondoa baridi. Hakuna kurusha wala kutembea na maji. Pengine utapata changu mmoja mdogo, pengine chambo kitaliwa na chaa hadi kiishe. Kupata samaki si kipimo hapa. Angalia kama ulihisi mdonoo mwepesi kabla mshipi haujavutwa, na kama dakika ya tisini ulikuwa bado unachezesha au ulikuwa umeshaufunga mshipi kwenye jiwe.

Perchi wa majira ya baridi hudonoa kwa upole kuliko chaa. Joto la mwili wa samaki hufuata maji, na maji yakiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri yeye hula polepole na hakimbizi kitu. Aliyezoea mshipi kung'olewa mkononi na kolekole atalala usingizi.

Umefaulu ikiwa: saa mbili zimekwisha na ungeweza kuongeza ya tatu. Ukichoka kabisa, hapana. Mavazi mazuri hayatibu kuchoka.

## Hatua ya 4: Sheria na ratiba, kabla ya tiketi ya basi kwenda ziwani

Leseni hutofautiana nchi kwa nchi. Finland, kuvua kwa fimbo rahisi isiyo na gurudumu la mshipi na kuvua kwenye tundu la barafu ni haki ya kila mtu bila kulipa, isipokuwa maeneo yaliyozuiwa. Minnesota, mwenye miaka 16 na zaidi huhitaji leseni, na bei ya mkazi ni tofauti na ya mgeni. Majira ya baridi unaruhusiwa mishipi miwili kwenye barafu. Kanada, kila jimbo lina leseni na kanuni zake. Soma pia idadi ya samaki unaoruhusiwa kuondoka nao na urefu wao, maana askari wa wanyama hufika hadi katikati ya ziwa.

Onyo kwa mwenye akili ya biashara: leseni ya burudani hairuhusu kuuza hata samaki mmoja. Ukiwa kwa visa ya masomo, usilijaribu hili hata kwa jirani.

Kisha piga hesabu ya siku. Kusini mwa Minnesota barafu ya kutembelea kwa kawaida hupatikana Desemba hadi mwanzo wa Machi, yaani wikendi kumi na mbili hivi. Toa za mitihani, toa za zamu kazini, toa zile za baridi ya kupindukia. Miaka hii Ramadhani pia inaangukia ndani ya msimu huo, na kufunga siku nzima kwenye baridi kali si jambo la mgeni kujaribu, kwa kuwa mwili hupata joto kutokana na chakula. Ukibaki na wikendi chini ya nne, hobi hii ni ya kuazima vifaa milele, si ya kununua.

Kumbuka pia mchana ni mfupi. Minneapolis katikati ya Desemba jua huchwa saa kumi na nusu jioni hivi; Helsinki saa tisa na robo alasiri. Adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana karibu karibu, kwa hiyo panga udhu kabla ya kuondoka au uwe na chupa ya maji moto.

## Hatua ya 5: Mavazi

Kanuni ni tabaka tatu, na kila moja ina kazi yake.

La ndani huondoa jasho mwilini: polista au sufu, kamwe si pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki, na ukishakaa kitako inakuganda mwilini. Fulana yako nzuri ya pamba na kikoi vibaki nyumbani.

La katikati hutunza joto: sweta nene ya sufu au polista. Hii inaweza kutoka mitumba ya Kongowea kwa bei ndogo. Soma lebo ya ndani ya kola, usiamini unene wa mkono.

La nje huzuia upepo na maji: koti na suruali ya dungarizi ya theluji. Hili linunue huko huko. Koti zinazouzwa Mombasa kama za "winta" mara nyingi ni za upepo wa Limuru.

Buti ziwe kubwa kwa namba moja kuliko kawaida, za mpira chini na kitambaa cha joto ndani. Wageni huvaa soksi tatu ndani ya buti iliyobana. Miguu hukosa nafasi ya hewa na damu kupita, ikapoa haraka kuliko ya mwenye soksi moja nene. Glavu beba jozi mbili, kwa kuwa ya kwanza italowa. Zile zisizotenganisha vidole zina joto zaidi. Zivae unapongoja, uzivue unapofunga ndoana.

Kwa akina dada: buibui au dera linaloburura huchota majimaji ya theluji kando ya tundu, pindo linaganda na kuwa gumu, na kesho yake limechanika. Vaa suruali ya theluji na koti refu la kufika magotini, au pandisha pindo hadi juu ya buti. Mtandio mzito wa sufu unafaa kuliko kofia nyingi, ila ncha zake ziingie ndani ya koti, mbali na kekee inayozunguka.

Angalia upepo, si nyuzi tu. Nyuzi 20 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa kiwango hicho inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Doa jeupe au la kijivu lisilo na hisia kwenye pua, shavu au ncha ya sikio ni dalili. Ingia ndani, lipashe kwa kiganja chenye joto, usilisugue kwa theluji.

Umefaulu ikiwa: umekaa nje saa moja bila kusogea, kwenye ua wa nyumba, na vidole vya miguu bado unavihisi. Fanya jaribio hili kabla ya ziwa.

## Hatua ya 6: Kuisoma barafu

Hapa usiwe na haraka. Makosa ya hatua nyingine hukurudisha nyumbani na mafua.

Unene. Kwa barafu mpya, ngumu, inayopenya mwanga:

- chini ya sentimita 10: usikanyage
- sentimita 10: mtu kwa miguu
- sentimita 13 hadi 18: pikipiki ya theluji
- sentimita 23 hadi 25: gari dogo

Mgeni akae kwenye miguu yake mwaka mzima wa kwanza, na adai sentimita 15, si 10. Magari usiyapande hata wenyeji wakiyaendesha ziwani. Wanajua ziwa lao, na bado baadhi huzama.

Rangi. Barafu nyeusi au ya samawati iliyo wazi ndiyo yenye nguvu. Nyeupe imetokana na theluji iliyolowa ikaganda. Ina hewa ndani na nguvu yake ni kama nusu, kwa hiyo zidisha vipimo vya juu kwa mbili. Ya kijivu imeloa maji: rudi.

Mahali. Unene haulingani ziwa zima. Mtu wa Kisiwani anajua maji hukimbia zaidi penye mlango, kama pale Likoni. Ziwa nalo lina milango yake. Jihadhari na mto unapoingia na kutokea, chini ya madaraja, kati ya visiwa viwili, karibu na matete, kando ya magati yenye mashine ya kupuliza hewa, na penye chemchemi. Theluji nyingi juu huzuia baridi isishuke, hivyo chini yake barafu hukua polepole na tena huwezi kuiona.

Namna ya kutembea. Mwenye mtaimbo hutangulia. Kila hatua moja au mbili anapiga pigo moja la nguvu mbele yake. Mtaimbo ukitoboa kwa pigo moja au mawili, simameni, geukeni, mrudi kwa nyayo zenu bila kuinua miguu. Kila hatua hamsini hivi toboa tundu na upime kwa fito yenye kikulabu: ingiza, kamata ukingo wa chini, soma. Acheni nafasi ya mita kumi kati ya mtu na mtu ili uzito usikusanyike.

Sauti. Barafu hulia: ngurumo ndefu, mlio kama wa waya uliokatika. Joto likibadilika inatanuka na kujipasua juu juu, na mara nyingi hiyo ni barafu nene inayofanya kazi yake. Wageni hukimbia kwa sauti hiyo na kuteleza. Dalili ya kukuondoa ni nyingine: nyufa zinazotawanyika kutoka ulipo wewe, au maji yanayopanda juu ya barafu.

Ukizama. Kujua kuogelea Nyali hakukusaidii sana hapa. Dakika ya kwanza kifua hutweta chenyewe. Kazi yako ni kutuliza pumzi tu, usipigane. Baada ya hapo una dakika kumi hivi ambazo mikono bado inatii. Saa moja hivi ndipo mtu hupoteza fahamu kwa baridi, kwa hiyo usikate tamaa.

1. Geukia ulikotokea. Barafu ya huko ndiyo iliyokubeba.
2. Chomeka misumari ya shingoni mbele yako juu ya barafu.
3. Laza mwili, piga miguu nyuma, jivute kwa misumari.
4. Ukitoka usisimame. Bingirika au tambaa kwa tumbo hadi ulipokuwa salama.
5. Nguo zilizolowa zivuliwe mahali pasipo na upepo, uvae kavu.

Mwenzako asikukimbilie. Alale, akurushie kamba. Namba ya dharura Marekani na Kanada ni 911, Finland na Ulaya kwa jumla 112. Simu ikae kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, mfuko wa ndani wa koti. Baridi huzima betri kabla hujaihitaji.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumwambia mwenyeji wako "hapa sipiti" na kurudi garini bila kuona haya. Asiyeweza kusema hivyo asianze.

## Hatua ya 7: Siku ya ugeni

Nenda mara tatu kama mgeni. Mara moja haitoshi: ya kwanza utashangaa kila kitu, ya pili utaona kero, ya tatu ndiyo ya kweli.

Kutoboa. Kekee ya mkono ya kutoboa tundu la upana wa sentimita 15 inatosha. Mkono mmoja ushike kitovu cha juu, mwingine uzungushe. Usikandamize, makali yakiwa mazima hujichimbia yenyewe na kutoa vipande vilivyo kama maganda. Ukiona unga tu, makali yamekuwa butu. Usiigonge kekee kwenye barafu kukung'uta theluji, hapo ndipo makali hupinda. Barafu ikizidi sentimita 30, mkono utakuchosha kabla ya kuvua.

Jasho ni adui. Fungua koti unapotoboa, ulifunge ukikaa.

Kina. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo majira ya baridi yale ya nyuzi 4 hukaa chini na ya baridi zaidi hukaa juu, chini ya barafu. Samaki wengi hufuata huko chini. Shusha chubwi hadi mshipi ulegee, inua sentimita 30, anza hapo. Kwa perchi toboa matundu matano kwa mstari kuanzia kina cha mita 2 hadi 6, utafute alipo.

Chambo. Kidude cha chuma cha gramu moja hadi tatu chenye funza mmoja au wawili. Chezesha kama Tudor, ila nusu ya nguvu. Ncha ya fimbo ikitikisika, inua kifundo cha mkono tu. Ukivuta kwa bega utapasua mdomo wa perchi. Dakika ishirini bila mdonoo, hamia tundu jingine. Watu hukaa tundu moja siku nzima wakisubiri bahati, kisha wanalaumu ziwa.

Vijitundu vya fimbo vinavyopitisha mshipi vikiziba kwa barafu, ichovye fimbo majini sekunde chache. Usiivunje barafu hiyo kwa kucha.

Paiki. Huyu ni samaki mkubwa anayewinda wenzake. Meno yake hukata nailoni, kwa hiyo mwishoni weka waya. Akifika tunduni mgeuze kichwa kiingie kwanza, na usitie vidole mdomoni.

Jikoni. Perchi ana nyama nyeupe iliyoshikana, isiyo na harufu ya matope. Ondoa ngozi yenye magamba magumu, na anakubali tui la nazi na ukwaju bila ugomvi. Paiki ni mtamu ila ana miba yenye matawi mgongoni, afadhali umkaange vipande vyembamba au umsage kababu. Usimwache samaki wazi juu ya barafu: anaganda amejikunja na kisu hakipiti. Mzike kwenye ndoo ya theluji. Baadhi ya maziwa yana zebaki. Soma ushauri wa jimbo kuhusu milo mingapi inafaa, hasa kwa mjamzito na watoto.

Umefaulu ikiwa: mara ya tatu umetoboa, umepima kina na umefunga ndoana mwenyewe, hata kama umerudi na ndoo tupu.

## Hatua ya 8: Hema na moto

Ukialikwa ndani ya hema au kibanda, angalia matundu ya hewa mawili: moja chini, moja juu. Yakiwa yamezibwa na theluji, yazibue kabla ya kuwasha chochote. Kifaa cha kupigia kengele hewa ya sumu kiwe ndani na kiwe na betri.

Jiko la makaa haliingii hemani. Hata dakika tano, hata likiwa limeshika na halitoi moshi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na makaa yaliyoshika vizuri bado huitoa. Kichwa kuuma na kichefuchefu ndani ya hema ni sababu ya kutoka nje mara moja, baridi au si baridi.

## Hatua ya 9: Uamuzi

Baada ya siku tatu za ugeni, jibu mambo haya kwa uaminifu.

Ulikuwa na mwenzako wa kwenda naye kila mara? Kama hapana, acha, maana peke yako juu ya barafu hakuna hobi ya mgeni.

Ulitamani kuondoka kwa sababu ya baridi ingawa mavazi yalikuwa sawa? Usinunue kifaa. Kodi kibanda chenye joto mara moja au mbili kwa mwaka. Maziwa makubwa ya Minnesota kama Mille Lacs na Lake of the Woods yana wakodishaji wanaokupeleka, wamekwisha kutoboa, na ndani unavua kwa sweta.

Ulifurahia kula tu? Duka la samaki lipo.

Uliwaza matundu na vina ukiwa umelala? Basi nunua, kwa mpangilio huu: mtaimbo, kisha kekee ya mkono na kifuniko cha makali yake, kisha fimbo mbili fupi, kisha sledi ya kuvutia mizigo. Hema liungoje msimu wa pili. Mtambo wa kuonyesha samaki uje mwisho kabisa. Ukiununua kwanza utajifunza kutazama kioo badala ya mshipi.

Kekee ya mkono hugharimu makumi ya dola, ya umeme mamia. Bei hushuka mwezi Machi maduka yanapoondoa bidhaa za baridi, nao ndio wakati wa kununua. Ila usiende kuijaribu wiki hiyo hiyo. Jua la Machi huozesha barafu kwa ndani, ikabaki vijiti vilivyosimama wima visivyoshikana, na sentimita 30 za namna hiyo hazina hakika ya kukubeba. Ifute kekee ikauke, paka makali mafuta kidogo, valisha kifuniko, ining'inize hadi Desemba.